Takwimu za serikali zikiwa wazi, demokrasia inapata nini? Nimebandika ruzuku ya shule yetu hadharani, hakuna aliyeuliza

#1 Kibao cha Mbuzi
Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi huku kijijini, Tanzania. Kila semina naambiwa serikali ikiweka takwimu zake wazi wananchi watahoji, viongozi watawajibika, demokrasia itakua. Nikaona nijaribu mwenyewe kwa ukubwa wa kijiji.

Tangu elimu bila ada ianze 2016, kila mtoto wa shule ya msingi anahesabiwa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwaka. 4,000 zinabaki juu serikalini kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinaingia akaunti ya shule moja kwa moja. Nikachukua zilizoingia kwetu miezi mitatu iliyopita, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito, nikabandika sehemu nne: ubao wa ofisi ya kijiji, ukuta wa zahanati, duka la njia panda, na mbuyu tunaofanyia mikutano.

Wiki tatu sasa. Hakuna aliyeuliza hata kwa bahati mbaya. Ya dukani nimeikuta imefungiwa karanga. Ya kwenye mbuyu imeliwa na mbuzi.

Wanaosema takwimu wazi ndiyo demokrasia, naomba wanioneshe inapoingilia.

#2 SitiYaMbele
Nimeweka kiti. Kahawa na kashata zije.

#3 Bwana Usemi
Mbuzi wa kwenye mbuyu na Kibao cha Mbuzi ni ndugu? Tuanzie hapo.

#4 Mkaguzi Mstaafu
Kijana, hilo jaribio lako lina wakubwa zake. Uganda walilifanya kabla hata intaneti haijafika wilayani.

Miaka ya 1990 serikali yao ilikuwa inapeleka ruzuku ya shule kupitia wilaya. Wachunguzi wakaenda kwenye shule zipatazo 250, wakalinganisha kilichotoka hazina na kilichofika kwa mwalimu mkuu. Kati ya 1991 na 1995, shule kwa wastani ilipata asilimia 13 tu. Nyingine zote ziliishia njiani, na shule nyingi hazikupata hata senti.

Serikali ikaanza kutangaza magazetini kila mwezi fedha zilizotumwa wilaya gani na kiasi gani, na shule zikatakiwa kubandika ubaoni zilichopokea. Kufikia 2001 shule zilikuwa zinapata zaidi ya asilimia 80. Waliopima wanasema shule zilizokuwa karibu na panapouzwa magazeti zilifaidika zaidi.

Kwa hiyo karatasi inafanya kazi. Swali ni nani anaisoma.

#5 Nyanya Chungu
Shikamoo mzee. Hiyo hadithi ya Uganda ni tamu ila huwa inasimuliwa nusu.

Kipindi kilekile Uganda walianza elimu ya msingi bila ada, 1997. Fedha za ruzuku zikaongezeka sana, wafadhili wakakaa mlangoni kwa hazina, taratibu za kutuma fedha zikabadilishwa. Ukiwa na sufuria ndogo na mwizi akachota vikombe viwili, sufuria imekwisha. Ukileta pipa, vikombe vyake viwili vilevile vinaonekana si kitu. Wapo waliorudia hesabu wakaona asilimia imeshuka sana lakini fedha zenyewe zilizopotea hazikushuka kwa kiwango hicho. Gazeti lilisaidia, sikatai. Kusema gazeti ndilo lililofanya kazi yote, hapana.

Na wewe Kibao, swali dogo: uliandika kilichoingia. Uliandika kilichotumika?

#6 SitiYaMbele
Vikombe na pipa 😂 Dada ana darasa.

#7 Mkaguzi Mstaafu
Marahaba binti. Hoja ya pipa naikubali nusu. Mbona shule za karibu na wauza magazeti zilipona zaidi wakati pipa liliongezwa kwa wote?

#8 Nyanya Chungu
Kwa sababu shule za karibu na gazeti ziko karibu pia na barabara, na benki, na ofisi ya mkuu wa wilaya. Mwalimu mkuu wa pale anaweza kwenda kugonga meza na kurudi mchana. Hata hao wapimaji walijaribu kuliondoa hilo kwenye hesabu zao, mimi tu sijaridhika.

#9 MseeWaThika
Wadau, salamu kutoka upande wa Kenya. Huku sisi tumeshapita hatua ya karatasi kwenye mbuyu. Rais Kibaki alizindua tovuti ya data ya serikali 2011, ya kwanza Afrika. Sensa, matumizi ya wilaya, shule, kila kitu.

#10 Kodi za Usiku
Ya kwanza kusini mwa Sahara, kaka. Morocco walitangulia. Ilikuwa 8 Julai 2011, na aliyeisukuma ni Bitange Ndemo alipokuwa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano. Wizara nyingine zilikuwa zinakumbatia data zao kama kuku na mayai. Na tuseme ukweli, baada ya miaka michache tovuti ile ikapoa, data nyingi zikabaki za zamani zilezile.

Mimi ni mwandishi wa programu, ugomvi wangu ni mwingine kabisa. Watu wanaita data wazi kitu ambacho ni pdf iliyoskaniwa ikiwa imelala ubavu. Jedwali la kurasa mia mbili ambalo kompyuta haiwezi kulisoma si data wazi, ni picha ya data. Nimekesha mara nyingi nikinakili namba moja moja.

#11 MseeWaThika
Sawa, Morocco wachukue kombe. Lakini subiri nikueleze kuhusu 2022.

Uchaguzi wa 2017 Mahakama ya Juu ilifuta matokeo ya urais kwa sababu namba zilibadilishwa. 2022 IEBC, tume ya uchaguzi, wakasema basi, fomu 34A zote, zile za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229 zinawekwa kwenye tovuti, yeyote apakue ajumlishe. Nilikuwa na binamu zangu sebuleni, laptopu mbili, chai ya rangi, tunajumlisha kaunti yetu. Vituo vya televisheni navyo vinajumlisha, kila kimoja na namba yake, kimoja Raila anaongoza, kingine Ruto. Halafu vikapunguza kasi, vikanyamaza. Nchi nzima ilikuwa na data na nchi nzima ilikuwa gizani.

#12 Mjukuu wa Karani
Marekebisho madogo mkuu. 2017 mahakama haikusema namba zilibadilishwa ukaishia hapo. Majaji wanne dhidi ya wawili walisema uchaguzi haukuendeshwa kwa mujibu wa Katiba, kulikuwa na dosari kwenye kutuma matokeo, na tume haikufungua seva zake kama ilivyoamriwa. Yaani tatizo lilikuwa njia, kabla hata hujafika kwenye namba. Tarehe 1 Septemba 2017.

2022 majaji walilinganisha fomu za tovuti na zile halisi, hawakuona tofauti ya maana, wakathibitisha matokeo kwa kauli moja. Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85.

#13 MseeWaThika
Nimerekebishwa, asante. Lakini ona hapa: fomu zilikuwa wazi, na bado makamishna wanne kati ya saba wa tume yenyewe wakayakana matokeo mbele ya kamera. Jirani yangu hadi leo haamini. Nikamwambia pakua fomu ujumlishe, akaniambia "nani aliweka hizo fomu?" Mimi nikakosa jibu.

#14 Bukavu Yetu
Bandugu, mie niko Bukavu. Nyinyi Wakenya mnalia na fomu mlizo nazo. Siye Kongo tulipiga kura 30 Desemba 2018, tume ikamtangaza Tshisekedi mshindi wa urais kwa asilimia 38 na kitu. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi 40,000 na likasema matokeo hayafanani na waliyoyaona. Tukaomba: toeni matokeo ya kila kituo. Hayakutoka.

Halafu zikavuja. Gazeti la Uingereza, Financial Times, likapiga hesabu ya data zilizovuja, likasema mpinzani wake Fayulu alikuwa na karibu asilimia 60. Je, kulibadilika kitu? Fayulu alienda mahakamani, akashindwa, Tshisekedi akaapishwa. Tulijua na hatukufanya kitu. Wengine wanasema afadhali amani.

Kwa hiyo mie naogopa wote wawili. Data iliyofungwa ni wizi. Data iliyofunguka na hakuna mlango wa kuipeleka, ni huzuni.

#15 Pweza wa Nungwi
Ewe wa Bukavu, umenikata maini.

#16 Bwana Usemi
Mimi nasema kwa ufupi: mtu mwenye njaa hasomi jedwali. Leteni ugali kwanza.

#17 Nyanya Chungu
Wenye njaa Nairobi Juni 2024 walisoma Muswada wa Fedha, ule wa kodi, kifungu kwa kifungu, Bwana Usemi. Vijana waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakatengeneza programu za kuujibia maswali, wakatafuta mbunge gani amepiga kura gani. Tarehe 25 wakaingia bungeni, tarehe 26 Ruto akasema hatausaini. Watu walikufa pia, tusisahau. Njaa ndiyo iliyowasomesha.

#18 Bwana Usemi
Nimekaa chini.

#19 Mjukuu wa Karani
Ila hapo dada unathibitisha kitu kingine. Muswada ulikuwa waraka wa wazi siku zote, kila mwaka upo. Mbona miaka mingine haukusomwa? Uwazi ulikuwepo, kilichoongezeka ni hasira. Labda data haileti hasira, inaipa tu anwani.

#20 Chaki Nyeupe
Nimechelewa uzi ila hapa kwenye shule ni nyumbani kwangu. Mimi ni mwalimu.

Mnakumbuka ule mpango wa serikali, Matokeo Makubwa Sasa, 2013? Shule zote za msingi zikapangwa kwa namba kutokana na matokeo ya darasa la saba, zikatiwa rangi, orodha ikawekwa hadharani. Nia ilikuwa hii hii: mzazi aone, aulize, shule ijirekebishe. Na shule za mkiani kwenye wilaya kweli zilipandisha ufaulu.

Lakini nilikuwepo. Shule niliyokuwa nafundisha, sitaitaja, mwalimu mkuu aliita wazazi wa watoto wachache wa darasa la sita, akawashauri watoto wakariri. Wengine hawakurudi kabisa. Ufaulu ukapanda, tukapigiwa makofi. Baadaye watafiti walipochambua data za nchi nzima wakakuta jambo hilohilo: shule za mkiani zilipunguza idadi ya watoto wanaofika mtihani. Mzazi aliyetakiwa kuhoji wala hakuiona orodha. Aliyeiona ni afisa elimu, na aliyeogopa ni mwalimu mkuu.

#21 SitiYaMbele
Hii imeniuma. Ndiyo maana NECTA, baraza la mitihani, waliacha kutangaza shule kumi bora?

#22 Chaki Nyeupe
Januari 2023 waliacha, walisema hawaoni tija ya kuzitangaza. Lakini matokeo ya kila shule bado yako mtandaoni, kwa hiyo wenye tovuti zao wanazipanga wenyewe kabla jua halijazama. Ukishafungua bomba huchagui nani akinge ndoo.

#23 Mkaguzi Mstaafu
Mwalimu, hiyo ni takwimu ya mtihani, si ya fedha. Fedha haikariri darasa.

#24 Chaki Nyeupe
Shikamoo mzee. Fedha inakariri, wewe umekagua unajua. Inaitwa "kuvuka mwaka".

#25 Mkaguzi Mstaafu
Marahaba. Hapo umenipata 😂

Basi nisemee upande wangu. Ibara ya 143 ya Katiba inamtaka CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ampe Rais ripoti, nayo ifike Bungeni. Aprili kila mtu anapakua, kila redio inasoma. Mei tumerudi kwenye mpira. Lakini 2018 mtu mmoja, mbunge wa upinzani Zitto Kabwe, alichukua ripoti ya 2016/17, akatoa matumizi kwenye mapato, akapata pengo la shilingi trilioni 1.5, akauliza liko wapi. Kutoa tu, hesabu ya darasa la nne. Serikali ikalazimika kuja na maelezo yake ya kihasibu. Ukiyaamini usiyaamini, yalitolewa. Nchi isiyo na ripoti ya wazi hata hilo swali halizaliwi.

#26 Mjukuu wa Karani
Na mwaka uliofuata CAG mwenyewe, Profesa Assad, akagombana na Bunge kwa kusema lina "udhaifu", likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba 2019 akawa nje. Namba zilibaki wazi, mwenye kuzisema akaondoka.

Kipindi hicho hicho tulijitoa kwenye Mpango wa Uendeshaji Shughuli za Serikali kwa Uwazi, ule wa kimataifa, na Sheria ya Takwimu ikafanyiwa marekebisho, ukitoa takwimu zako zinazopingana na za serikali ni kosa la jinai.

#27 Kodi za Usiku
Tuweke miaka sawa. Kujitoa ni 2017, na tulikuwa tumejiunga 2011. Sheria ya Takwimu ni ya 2015, marekebisho makali 2018, na 2019 yakalegezwa, jinai ya kuchapisha takwimu ikaondolewa baada ya kelele, Benki ya Dunia ikiwemo. Wengi wanaishia 2018 wanapohadithia.

#28 Mjukuu wa Karani
Sawa, ila woga haukufutwa na marekebisho. Mwaka jana niliomba takwimu za visima kwenye ofisi moja ya umma, kwa kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Sheria inawapa siku 30. Siku ya 41 nikapigiwa simu, sauti ya upole, ikaniuliza "kijana, wewe ni wa chama gani?"

#29 SitiYaMbele
Ukajibu?

#30 Mjukuu wa Karani
Nilimwambia ni wa chama cha wanywa maji. Hakucheka.

#31 Pweza wa Nungwi
Miye nataka kuuliza mbali kidogo. Nilisoma habari za Mexico, uchaguzi wa mameya wa 2009. Watafiti waligawa vipeperushi nyumba kwa nyumba vikionesha fedha za umma zilivyotumiwa vibaya na halmashauri. Mnajua waliosoma walifanya nini? Hawakumpigia mpinzani. Walikaa nyumbani! Kura zikapungua za meya na za mpinzani pamoja. Watu walisema wote ni walewale. Sasa hiyo demokrasia imepona au imeumwa?

#32 Nyanya Chungu
Na Brazil ikawa kinyume. Kuanzia 2003 serikali kuu ilikuwa inachagua manispaa kwa bahati nasibu, inazikagua, ripoti inatolewa. Uchaguzi wa 2004 mameya waliokutwa na madudu mengi waliadhibiwa, hasa palipokuwa na redio ya hapohapo. Wasafi wakaongezewa kura.

#33 Mkaguzi Mstaafu
Redio! Nilisema mimi, swali ni nani anasoma. Redio inasoma kwa niaba ya asiyesoma.

#34 Pweza wa Nungwi
Mzee na redio zako. Mexico hawana redio?

#35 Kodi za Usiku
Tofauti labda ni mbadala. Brazil aliyekaguliwa akaonekana msafi alipata faida, kwa hiyo mpiga kura alikuwa na wa kumlinganisha. Mexico kipeperushi kilimwambia tu umeibiwa.

#36 Nyanya Chungu
Au tofauti ni kwamba bahati nasibu haina chama. Kipeperushi cha Mexico kilikuja na mgeni mlangoni.

#37 Bwana Usemi
Nimesimama tena. Kibao cha Mbuzi umetuachia uzi ukaenda wapi?

#38 Kibao cha Mbuzi
Nipo wakuu, mtandao huku ni wa kupanda juu ya kichuguu. Nimesoma yote.

Dada Nyanya Chungu, umenikamata. Niliandika kilichoingia tu. Matumizi sikuwa nayo, mwalimu mkuu alisema "yapo kwenye faili". Huku tuna neno letu, mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu na ajenda isiyokosekana ni kusoma mapato na matumizi. Hatusemi data wazi. Mapato bila matumizi ni kama mtu akusalimie nusu.

Halafu si kweli kwamba hakuna aliyeuliza, nilisahau. Mama mmoja aliniuliza kisimani: "Hizo elfu sita ni za mwanangu au za shule? Maana juzi nimetoa ya mlinzi." Nikamjibu ni za shule. Akabeba ndoo yake akaondoka. Mimi nikaona si swali la ruzuku. Sasa hivi nikisoma #19 nalifikiria upya.

#39 Nyanya Chungu
Hilo ndilo swali lenyewe, kaka! Wewe ulikuwa unasubiri mtu aje na kalamu na miwani.

#40 Chaki Nyeupe
Angalia usimchome mwalimu mkuu bure. Mara nyingine fedha zinachelewa, analipa umeme wa mtihani kwa mfuko wake, risiti hana. Ukibandika namba zake mbele ya kijiji kabla hamjakaa naye utamfanya afiche hata zile alizokuwa anaonesha.

#41 Kibao cha Mbuzi
Nimekaa naye mwalimu. Amenipa ukurasa mmoja wa matumizi. Mkutano ni Jumamosi.

#42 SitiYaMbele
Tunasubiri mrejesho. Mbuzi wafungwe.

#43 Kibao cha Mbuzi
Mrejesho. Mkutano haukufanyika, akidi haikutimia, mtendaji kaahirisha hadi itakapotangazwa.

#44 Bwana Usemi
Jumamosi kwenu kuna mnada?

#45 Kibao cha Mbuzi
Ndiyo.

Nilikuwa na karatasi tatu, mapato upande mmoja, matumizi upande mwingine. Yule mama wa kisimani alikuja, akachukua moja akaikunja akaitia kwenye khanga.

#46 SitiYaMbele
Karanga hizo.

#47 Kibao cha Mbuzi
Nilidhani hivyo. Jioni kamtuma binti yake wa darasa la sita. Pale palipoandikwa "ukarabati mdogo" pamepigwa mstari kwa penseli. Anasema mama anauliza ni ukarabati gani, kwa sababu nyumba yao inatazamana na shule na hawajaona fundi.

Mwalimu mkuu amesafiri, anarudi Alhamisi.